Nguvu za Mto Zilizorudishwa kwa Sultani

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema, bali zamani ya karibu kidogo, mitambo ya umeme ilipokuwa ndiyo kwanza inaingia katika miji ya bara, palikuwa na mji ukiitwa Mavumoni. Uliitwa hivyo kwa ajili ya mto wake, ulioporomoka kutoka jabalini kwa kishindo masika na kiangazi, hata wenyeji wakazoea kusemezana kwa sauti kubwa kama watu wanaogombana. Jua la mji huo lilikuwa kali, na upepo wa jabalini haukukatika. Lakini penye miti hapana wajenzi. Mji mzima ulikaa gizani, isipokuwa jumba la Sultani Zahoro na nyumba saba za jamaa zake.

Nuru ya jumba hilo ilitoka katika mtambo mmoja mkubwa, ulioletwa vipande vipande juu ya migongo ya ngamia. Mtambo huo ulikula mafuta kama mgonjwa wa njaa, ukakohoa, ukatapika moshi juu ya mji, na kila baada ya siku chache ukazimika. Na mafuta yake yaliletwa na msafara wa mtu mmoja tu, naye alikuwa Waziri Shihabu, ambaye pia ndiye aliyekuwa Waziri wa Nuru na Nguvu. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeuza, yeye ndiye aliyenunua kwa niaba ya dola, na yeye ndiye aliyesimamia biashara hiyo isiharibike.

Huyu Waziri Shihabu katika maisha yake hakuwahi kugusa waya. Kama ungemwuliza umeme unaingia taani kwa juu au kwa chini, angekuambia uandike barua. Lakini kutunga kanuni alijua. Kila aliposikia kwamba raia amejifanyia jambo lake bila kumwomba mtu, aliketi akaandika kanuni. Basi zikajaa kanuni hizo katika kitabu kinene kama mto wa kulalia. Upepo ukawa mali ya dola, jua likawa mali ya dola, na mto pia, tangu jabalini hata mabondeni. Naye Sultani Zahoro alikitia mhuri kitabu hicho ukurasa baada ya ukurasa bila kusoma hata mstari, kwa kuwa siku hiyo pilau ilikuwa imekwisha kupakuliwa.

Katika mji huo alikuwapo fundi mmoja maskini, hana mbele wala nyuma, jina lake Mshangama. Zamani alikuwa mpakaji mafuta katika mtambo wa jumba. Siku moja Sultani alipita akauliza, "Mbona mtambo huu unakula sana?" Mshangama akajibu, "Maulana, mtambo una kinywa kimoja. Wanaoulisha ndio wenye vinywa viwili." Sultani hakuelewa, lakini Waziri alielewa upesi, na kabla ya jua kuchwa Mshangama alikuwa nje ya lango amebeba viatu vyake mkononi. Tangu hapo akawa anaziba sufuria na kutengeneza kufuli za watu.

Nyumba yake ilikuwa na chumba cha ndani kisicho na dirisha, ambacho hata saa sita mchana mtu aliingia akipapasa. Katika chumba hicho ndimo mkewe alimofia, miaka sita nyuma, akijifungua mtoto wao wa pili, naye mtoto hakuishi. Mkunga, Bi Somoe, mwanamke mkavu wa maneno asiyejua kubembeleza, alimwambia Mshangama siku ile, "Mwanangu, damu niliisikia kwa vidole. Koroboi lilikuwa linatoa moshi tu. Ningaliiona mapema, pengine tungaliizuia." Maneno hayo hayakumtoka Mshangama moyoni.

Sasa binti yake, Kidawa, alikuwa amerudi nyumbani na mimba yake ya kwanza, kama ilivyo desturi mwanamke kujifungulia kwao. Naye baba kila alipomwona anaingia chumba kile, aliyakumbuka maneno ya Bi Somoe. Alikwenda nyuma ya nyumba ya mtambo, kwenye jalala, akaokota dainamo iliyotupwa, taa moja ambayo haikuvunjika, na waya uliokatikakatika. Akakusanya madebe matupu ya mafuta, yenye chapa ya Waziri ubavuni, akayakata, akayapigilia kwenye gurudumu la gari la punda. Kisha akaliweka gurudumu hilo katika mfereji uliopita uani kwake. Maji yakaliviringisha, dainamo ikavuma, na katika chumba cha ndani taa ikawaka.

Bi Somoe aliitwa kutazama. Akasimama chini ya taa, akainua mikono yake, akaigeuza nyuma na mbele. "Ajabu," akasema. "Miaka arobaini na tatu nafanya kazi na mikono hii, leo ndiyo kwanza naiona ikiwa kazini." Na toka siku hiyo akawa anawaleta wazazi wengine katika chumba kile. Katika siku arobaini walizaliwa watoto tisa, na hakuna mama aliyezikwa. Mshangama hakumtoza mtu kitu. Alikaa uani tu akisikiliza gurudumu, na mtoto alipolia ndani, naye alifuta macho kwa ncha ya shuka akijifanya ameingiwa na vumbi.

Basi habari hizo zikamfikia Waziri Shihabu. Akamtuma askari kumwambia Mshangama asimamishe gurudumu mpaka apate kibali. Mshangama akasema, "Haya, kibali si haramu," akalifunga gurudumu kwa kamba, akaenda zake kwenye Diwani ya Nuru na Nguvu, ndiyo ofisi ya Waziri. Huko akamkuta karani aitwaye Mzamilu, kijana mwembamba aliyechomeka kalamu tatu kilembani.

"Nataka kibali cha kutumia maji," akasema Mshangama.

"Umeleta barua ya mwenye maji?" akauliza Mzamilu.

"Mwenye maji ni nani?"

"Sultani."

"Na barua ya Sultani hupatikanaje?"

"Huandikiwa mtu mwenye kibali," akajibu karani, wala hakucheka, maana aliona ni jambo la wazi kabisa.

Mshangama akarudi siku ya pili, na siku ya tatu. Siku ya tatu karani alimwonea huruma kwa namna yake, akamwambia, "Barua tutaiacha kwanza. Lete sampuli ya nuru yenyewe, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, ikaguliwe."

Mshangama akaitikia. Kisha akaenda, na alasiri akarudi na bahasha iliyofungwa vizuri, akaikabidhi kwa adabu. Karani akaivunja lakiri, akachungulia, akaitikisa juu ya meza. "Mbona haina kitu?"

"Lo! Umeifungulia juani!" akasema Mshangama kwa masikitiko makubwa. "Nuru yangu ndogo imechanganyika na ya jua. Sasa utaitambuaje? Hebu chunguzachunguza chini ya meza, pengine imebaki kidogo."

Na karani Mzamilu akainama akatazama chini ya meza. Waombaji wengine waliokuwa wamekaa pale tangu juzi waliangua kicheko, na mmoja alicheka hata akadondosha barua zake zote. Kicheko hicho kilipofika kwa Waziri, hakuna tena lililozungumzwa juu ya kibali. Walikwenda askari sita, wakang'oa gurudumu mferejini, wakachukua dainamo na waya, na Mshangama wakamkamata. Nyumbani akabaki Kidawa peke yake, na tumbo lake limekwisha kushuka.

Mshangama akafikishwa barazani mbele ya Sultani Zahoro. Sultani alikuwa mtu mnene, mwenye kupenda kuchekeshwa na kuchukia kufikirishwa, naye alikuwa anakula tende akisikiliza kwa sikio moja. Waziri Shihabu akasimama, akalitengeneza joho lake.

"Maulana, mlezi wa raia, mtu huyu ni mwizi. Kwa muda wa siku arobaini amekuibia mto wako."

"Mto mzima?" akauliza Sultani, akasitisha tende mdomoni. "Mbona nausikia bado?"

Mshangama akasema, "Maulana, sikuiba hata tone. Maji yaliingia kwangu na yote yakatoka. Waulizeni walio chini yangu kama shamba la mtu lilikauka."

"Maji yapo," akasema Waziri, "lakini nguvu zake ziko wapi? Mtu akikuchukulia ng'ombe asubuhi, akamkamua, akakurudishia jioni, utasema hakukuibia kwa kuwa pembe ni zile zile mbili? Huyu ameukamua mto wako, Maulana. Maji yaliyotoka kwake yametoka yamechoka."

Sultani akapendezwa sana na maneno hayo. Akapiga goti lake kwa kofi. "Hapo Waziri amesema! Ewe Mshangama, nakupa mpaka Ijumaa. Nguvu zote ulizokamua katika mto wangu uzirudishe hapa barazani, zipokewe. Usipozirudisha, nyumba yako itabomolewa, nawe na watu wako mtatolewa katika mji huu."

Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse nguvu zake. Mshangama alimwona mawazoni Kidawa akijifungulia njiani, chini ya kichaka, mvua inanyesha. Alitaka kuomba radhi. Alikwisha kufumbua kinywa. Lakini akamwona Waziri Shihabu akitabasamu na kujilamba midomo, na hapo hofu yake ikageuka kitu kingine.

"Maulana, nimesikia na nimetii," akasema. "Nina maswali mawili tu. Nikizileta, atazipokea nani?"

"Mimi!" akadakia Waziri. "Mali ya dola hupokewa na Waziri mwenyewe, si na karani. Ndivyo kanuni."

"Na zitapokewa vipi?"

"Kwa mikono hii miwili, mbele ya mashahidi. Nami nitatamka kwa sauti, 'Nimepokea,' na baada ya hapo huna deni. Lakini ukipunguza hata chembe, nitajua."

"Asante sana, Bwana Waziri, kwa kunifahamisha. Basi Maulana, naomba gurudumu langu na vyombo vyake. Aliyeiba asali kwa mtungi, ataweza kuirudisha viganjani?"

Sultani akaona ni haki, akaamuru arudishiwe. Waziri hakupinga, maana alidhani maskini amechanganyikiwa na anataka tu kumbukumbu ya vyuma vyake.

Nyumbani Mshangama akamweleza Kidawa na Bi Somoe shauri lake. Kidawa akashika mdomo. "Baba, ukimwua je?"

"Simwui, mwanangu. Nguvu za gurudumu hili nazijua, ni ndogo. Huuma, haziui." Akachukua vipini viwili vya shaba, akavifunga kila kimoja kwenye waya wake, akaliachia gurudumu mferejini, akavishika mwenyewe. Meno yakagongana, ndevu zikamsimama, viwiko vikampiga mbavuni, na mikono ikakataa kuviachia vile vipini. Akataka kusema "Basi," ikatoka "Bababababa." Bi Somoe ndiye aliyelisimamisha gurudumu kwa mwiko wa ugali.

Mshangama akakaa chini, akihema, akavipepea vidole vyake.

"Vipi?" akauliza Bi Somoe.

"Kama nge ishirini wenye haraka," akasema Mshangama. "Lakini ningali mzima. Bibi, Ijumaa uje barazani."

"Nitakuja. Kwani nangoja kuitwa?"

Ikawa siku ya Ijumaa, baada ya sala, watu wakajaa barazani hata kwenye kuta. Katika bustani ya jumba ulipita mfereji wa kupeleka maji kwenye hamamu ya kuogea ya Sultani, na Mshangama tangu asubuhi alikuwa amelitia gurudumu lake humo, akalizuia kwa ubao, akavuta waya hadi mbele ya kiti cha Sultani. Mlangoni pa nyumba ya mtambo alisimama mpakaji mafuta mmoja, mtu aliyefanya kazi na Mshangama zamani. Alivitazama vile vipini vya shaba, akamtazama Waziri, akaona yatakayokuja. Angeweza kusema neno. Lakini alikumbuka jinsi alivyoandikiwa kanuni ya kutokukohoa karibu na mtambo, akajifuta mikono kwa tambara, akanyamaza.

Waziri Shihabu akatoka na joho la zari, karani Mzamilu nyuma yake amebeba Kitabu cha Kanuni kwa mikono miwili.

"Ziko wapi nguvu?" akauliza Waziri.

"Zinakuja, Bwana. Tafadhali shika hapa, na hapa. Ushike barabara, mali ya dola isije ikaanguka chini."

Waziri akavishika vipini vyote viwili kwa mikono iliyoloa jasho, akakunja vidole kwa fahari, akainua kidevu watu wamwone. Mshangama akauondoa ubao.

Gurudumu likaanza polepole, ki, ki, ki, kisha maji yakalishika likavuma. Waziri alikuwa anafungua kinywa kusema "Sioni kitu." Neno la kwanza halikutoka zima. Mabega yalimpanda hadi masikioni. Kilemba kikaruka. Miguu yake, iliyozoea kupandishwa ngazi na watumwa wawili, ikaanza kucheza ngoma ambayo hakuna mpigaji aliyeijua, na joho la zari likapeperuka kama kuku aliyeshikwa mkia.

"Bwana Waziri," akauliza Mshangama kwa upole na unyenyekevu mwingi, "zinaingia?"

"Zi-zi-zi-zi!"

"Nimeleta za siku moja tu bado. Nina za siku thelathini na tisa. Je, niendelee, au umepokea?"

"Ni-ni-nimepokea!"

"Kanuni yasema kwa sauti, Bwana. Mashahidi wa ukutani hawakusikia."

"NIMEPOKEA! NIMEPOKEA ZOTE! ZIMEZIDI!"

"Zilizozidi ni hidaya kutoka kwangu," akasema Mshangama, akaurudisha ubao mahali pake.

Gurudumu likasimama. Waziri akaachia vipini, akaketi chini bila kutazama panapokalika, akaangukia sinia la tende za Sultani. Wakati huo kicheko kilikuwa kimelipua baraza lote. Watu waliokuwa ukutani walidondoka. Sultani Zahoro alicheka hata machozi yakamtoka, akajishika mbavu, akapiga kelele, "Nifeni mimi! Nifeni!" maana hakuweza hata kutamka maneno kwa mpango.

Waziri alipopata pumzi, akamnyooshea Mshangama kidole. "Maulana, auawe! Amenidhuru!"

"Maulana," akasema Mshangama, "mimi nimerudisha mali kama nilivyoamriwa. Sikuichanganya na kitu. Ikiwa imemdhuru, basi ni mali yenu ndiyo iliyomdhuru, na huyu ndiye Waziri wake kwa miaka kumi na mitatu. Nilidhani wanajuana."

Sultani akacheka upya. "Umeshinda, ewe fundi! Nyumba yako haitabomolewa. Na kwa kuwa umenifurahisha, omba utakalo. Dhahabu? Farasi?"

"Sitaki dhahabu, Maulana. Nataka unisomee kitabu kile."

"Kitabu gani?"

"Cha Kanuni za Nuru na Nguvu. Tumekuwa tukizisikia kwa makarani. Nataka kuzisikia kwa kinywa cha aliyezitia mhuri."

Sultani aliona ni jambo rahisi, na bado kicheko kilikuwa kinamchezea shavuni. Akakipokea kitabu, akakifungua popote, akasoma kwa sauti: "Mtu yeyote atakayeanika nguo, mtama au muhogo juani, hali jua ni mali ya dola, na awe na kibali cha kuanika." Akacheka. "Huu ni mzaha!" Hakuna aliyecheka naye. Akafungua kwingine: "Apepetaye nafaka asitumie upepo zaidi ya haja yake, na upepo uliobaki aurudishe." Akatabasamu kidogo tu. Mbele yake palikuwa na mwanamke mmoja ambaye ungo wake ulikuwa umechukuliwa kwa kanuni hiyo, naye alikuwa akimtazama Sultani usoni bila kupepesa.

Sultani akageuza ukurasa wa tatu, na sauti yake sasa ilikuwa imeshuka. "Mkunga asiwashe taa isiyotoka katika mtambo wa Sultani. Na asipoipata taa hiyo, amwamuru mzazi angojee kupambazuke."

Bi Somoe akasimama katikati ya wanawake. Hakupiga magoti.

"Mtoto hangoji, Bwana Sultani," akasema. "Nimewazika kumi na wanne waliongojea."

Sultani akakigeukia kitabu, kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. "Nani ameandika maneno haya?"

"Waziri wako," akajibu Bi Somoe.

"Na nani," akasema Sultani kwa hasira, "nani aliyeyatia mhuri?"

Mhuri ulikuwa pale chini ya dole gumba lake mwenyewe, mwekundu, wenye jina lake na jina la baba yake, na doa la mchuzi wa pilau pembeni. Sultani Zahoro akautazama, na watu wote wakamtazama akiutazama. Shavu lililokuwa likicheza likatulia. Kwa mara ya kwanza tangu aketi kitini mwa baba yake, alitamani kuwe na giza barazani, lakini ilikuwa alasiri na jua lilikuwa linawaka.

Hatimaye akakifunga kitabu. "Mshangama," akasema kwa sauti ya chini, "nitie kanuni gani mahali pa hizi? Au mji ukae bila kanuni?"

"La, Maulana. Umeme si mchezo. Bwana Waziri ataniunga mkono kwa hilo. Tia mbili. Anayeweka gurudumu asimzuilie maji jirani yake wa chini. Na waya usiachwe uchi mahali mtoto anapofika."

"Mbili tu?"

"Zikizidi hapo, Maulana, utazitia mhuri bila kusoma tena."

Basi ikawa hivyo. Waziri Shihabu alivuliwa uwaziri akaachiwa msafara wake wa mafuta, ambayo hayakuwa tena na mnunuzi ila mmoja, jumba la Sultani. Na husemwa kwamba hata uzeeni hakushika kitasa cha mlango cha shaba, bali alisimama mbele ya mlango wake mwenyewe akiita mtu wa kumfungulia. Karani Mzamilu alipewa kazi ya kuchunga ngamia, na ngamia wakawa wanangoja kama waombaji wa kibali. Kidawa alijifungua Jumatatu, saa nne asubuhi, mtoto wa kike mwenye sauti ya kushindana na mto. Na ulipopita mwaka, mifereji ya Mavumoni ilikuwa na magurudumu themanini, mengine ya madebe, mengine ya mbao, na nyumba za wafinyanzi na wasusi zikawa na taa kama za masultani.

Siku moja mtambo wa jumba ulikohoa mara mbili, ukafa, na hakuna aliyeweza kuufufua. Sultani akamtuma mjumbe kwa Mshangama: Maulana anauliza, kibali cha gurudumu hupatikana kwa nani siku hizi?

Mshangama alikuwa anaziba sufuria, na mjukuu wake amelala mapajani. Hakuinuka. "Mwambie Maulana nimemsalimu," akasema. "Kibali hakuna. Ana mto, ana mikono. Achonge."

Watu wa Mavumoni walidhani jumba litatoa askari. Lakini kesho yake asubuhi, wanawake waliokuwa wakienda kuteka maji walimkuta Sultani Zahoro mferejini, ameipandisha kanzu yake hadi magotini, anasukumana na gurudumu lililofungwa kinyume, maji yakimrukia kilembani. Alipowaona, akasita, kisha akauliza kwa adabu kama kuna mtu anayejua upande wa juu ni upi. Wakamwonyesha, wakajitwika mitungi yao, wakaenda zao.

Nami niliyesimulia sina la kuongeza. Mwenye kutaka zaidi na aende Mavumoni, apige kelele, maana huko hawasikii mtu anayenong'ona.